Kifaa Kisichojulikana

Jumeirah Village Circle, Dubai
12 Februari 2016

Mdogo wangu Rispah,

Amani iingie kwako kabla ya barua hii. Anakuja nayo Sammy, yule kijana wa kwetu anayeuza vipuri vya magari kule Ras Al Khor. Amepata likizo, nami nimemwomba akuwekee mkononi mwako mwenyewe. Utauliza kwa nini sikupigi simu. Simu ninayotumia ni ya mwanangu Gibson, naye huiweka mezani kwa sauti ya juu ili watoto wakusalimie. Maneno mengine hayawezi kupita mezani.

Huku tupo. Gibson amepandishwa cheo, sasa ni msimamizi wa walinzi katika jengo kubwa la ofisi. Mkewe Carolyne bado yuko mapokezi hotelini, Al Mankhool, na jioni akirudi huvua viatu akiwa bado kwenye lifti. Wajukuu wanazungumza Kiingereza hata wakiota. Mimi miguu imevimba. Daktari, Mhindi mmoja mpole, ameniambia kwamba moyo umechoka kusukuma damu. Alisema kwa sauti ileile niliyokuwa nikitumia kumweleza mzazi kwamba mtoto wake hatapita mtihani. Nilimwelewa. Gibson hajui kwamba nilimwelewa.

Siku nzima nalala karibu na dirisha la ghorofa ya sita, nikitazama kreni zikigeuka juu ya majengo yasiyokwisha. Saa za kazi nyumba huwa kimya kabisa. Zamani haikuwa kimya hivi.

Kifua cha Zablon kinaendeleaje? Mwambie shemeji yake anamkumbuka, na kwamba deni la ule mchezo wa bao bado liko, maana aliniibia.

Na watoto, hawajambo? Nauliza wote. Nimeandika wote, wala kalamu haikuteleza.

Kaka yako,
Naftali

*

Nyansiongo
27 Machi 2016

Kaka Naftali,

Salamu zako zimenikuta nimevaa nguo nyeusi. Sammy alifika tukiwa bado tunakunja mahema ya mazishi. Zablon alitutoka mwishoni mwa Februari, kifua kikamshinda. Gibson alipigiwa simu siku ileile, akatuomba tusikwambie mpaka moyo wako utulie. Mimi nakuambia. Wewe ni kaka yangu, hukuwa mtoto wangu hata siku moja.

Alikwenda vizuri. Alikunywa uji, akauliza kama ng'ombe amekamuliwa, akageukia ukutani. Wazee wa kanisa walikesha nasi, na kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka. Mvua ilingoja tukamaliza kufukia.

Najua ulivyokuwa ukipenda kusikiliza matangazo ya vifo kwenye redio ya kwetu, kwa hiyo nimekuandikia lake kwa Kiswahili, kama lilivyosomwa. "Mzee Zablon wa Nyansiongo, mzee wa kanisa. Mume wa Rispah. Baba ya Josphat wa Nakuru, Monicah, na Enock wa chuo. Shemeji ya Mwalimu Naftali wa Dubai." Jina lako lilisomwa vizuri. Watu wengi waliniambia wamelisikia.

Mahindi yameota. Paa la jikoni linavuja. Enock amebakiza muhula mmoja.

Umeuliza kuhusu watoto wote. Wote ni hao waliosomwa.

Dada yako,
Rispah

*

Dubai
2 Mei 2016

Rispah mdogo wangu,

Pole. Nimeliandika neno hilo nikalikata, nikaliandika tena, kwa kuwa sina jingine. Zablon ndiye aliyenibebea jeneza la Virginia wangu upande wa kichwa, mvua ikinyesha, akiwa tayari na kifua kile. Sijamsahau. Usimlaumu sana Gibson. Tangu mama yake afe ananiona kama glasi iliyopasuka.

Wote wazima. Joto limeanza, na watoto hawatoki nje mchana.

Nimelisoma tangazo ulilonitumia hadi nimelijua kwa moyo. Nilifundisha miaka mingi, na kila asubuhi niliita majina ya darasa. Sikio la mwalimu hushtuka mahali palipo na pengo. Baada ya Monicah na kabla ya Enock palikuwa na Fridah. Mtoto wako wa tatu, mpwa wangu, aliyeishi nasi hapa kuanzia 2013 akitutunza mimi na wajukuu, mpaka Gibson alipomrudisha Agosti ya mwaka uliofuata. Yuko wapi?

Nataka pia uifikirie upya ile picha ambayo Gibson aliituma nyumbani kupitia simu ya mchungaji. Nikueleze ilikuwa ya nini. Sebuleni kwetu kuna kisanduku chenye taa kinachogawa intaneti, wanakiita ruta. Ukiwa na simu unaweza kufungua ukurasa wake ukaona orodha ya vitu vyote vilivyounganishwa. Vingine hujitaja vizuri: simu ya Gibson, simu ya Carolyne, simu ya Fridah, televisheni. Kingine hakijitaji. Kinatoa mfululizo wa herufi na tarakimu, na mbele yake kimeandikwa kwamba hakijulikani. Hapo huwezi kujua kama unaangalia simu ya mgeni au friji ya jirani.

Picha ile haikusema mwanamume, Rispah. Ilisema haijui. Mwanamume tulimsema sisi.

Naishia hapa kwa leo. Nitakuandikia tena.

Naftali

*

Nyansiongo
19 Juni 2016

Kaka,

Barua yako ilikaa Keroka wiki nyingi kwa yule mama uliyempa, kisha ikaja imelowa chai. Nimeisoma yote. Sisi wazima. Enock amemaliza mitihani. Paa bado.

Nilikuomba kimoyomoyo usinitajie jina hilo, na umelitaja. Basi na mimi nitasema.

Gibson alituambia kwamba binti yetu alikuwa akiingiza mwanamume nyumbani mwake saa za kazi, na kwamba katika nchi hiyo jambo hilo lingewapeleka wote jela, kwa hiyo amemfutia viza kabla polisi hawajajua. Mchungaji alikuja na picha. Zablon aliziangalia zile herufi na tarakimu kama maandishi ya ukutani kwa mfalme Belshaza, hakuelewa hata moja, na akaamini zote. Jina la Fridah likaondolewa kanisani. Wazazi wa yule mwalimu wa Manga aliyekuwa amchumbie walikuja wakakunywa chai, hawakurudi tena.

Tulimwuliza mwenyewe. Nilimshika mabega nikamwambia, "Nambie hakukuwa na mtu." Akasema, "Mama, hakukuwa na mwanamume." Zablon akamwuliza, "Kile kifaa kilikuwa cha nani?" Akajibu, "Siwezi kusema. Nilimpa mtu neno langu." Hivyo tu. Nani humpa mtu neno la namna hiyo kama si mpenzi wake? Baba yake akamfungulia mlango atoke, nami nikauacha wazi ili asikie nikilia, lakini sikumwita arudi.

Anachuma chai katika shamba moja Kericho. Siku ya mazishi alikuja. Alisimama nje ya ua, upande wa jirani, amejifunga kitenge kichwani, na redio ya jirani ndiyo aliyoisikiliza ikisoma jina la baba yake bila la kwake. Nilimwona. Sikwenda.

Sasa mimi nakuuliza. Wewe huendi kazini, hutoki. Ulikuwa ndani ya nyumba ile kila siku. Kama mwanamume aliingia, ulimwona. Kama hakuingia, ulijua. Nimeingoja kauli yako karibu miaka miwili, na umenitumia somo la intaneti.

Kama una neno, liseme. Kama huna, niache nizeeke.

Rispah

*

Dubai
8 Agosti 2016

Rispah,

Safari hii nimewaacha wa nyumbani bila kuwasalimia, nije moja kwa moja, maana nikianza na hali ya hewa nitaishia hapo.

Hakuna mwanamume aliyeingia. Kile kifaa kilikuwa changu.

Unakumbuka nilivyokuwa baada ya Virginia kufa. Nilikuwa nikikaa na redio tangu asubuhi nikisikiliza matangazo ya vifo, nikiwaandika nisiowajua, nikiacha chakula. Gibson aliponileta huku alikuta nimeiweka redio ya kwetu kwenye simu, naendelea vilevile. Presha ikapanda, nikalazwa. Nilipotoka hospitali aliichukua simu yangu, akaniambia, "Baba, khalas, basi. Katika nyumba hii hatusikilizi vifo tena." Akaleta Biblia, nikaweka mkono. Mimi, mzee wa kanisa, niliapa. Akaongeza kwamba nikirudia atanirudisha kwenye nyumba yetu tupu kule Nyansiongo, kwa sababu hawezi kukaa akinitazama nikijimaliza. Nyumba ile, chumba kile, kitanda ambacho Virginia alikatia roho. Nikaogopa kama mtoto.

Lakini sikuweza. Huelewi jinsi mji huu ulivyo kwa mzee. Hakuna anayekufa hapa. Wanapoishiwa nguvu wanarudishwa kwao, na asubuhi kuna mtu mwingine kwenye lifti. Nilitaka kusikia mtu wa kwetu akitajwa na watu wake wote, mke, watoto, mashemeji, mpaka mjukuu wa mwisho. Hiyo tu ndiyo iliyonifanya nijue kwamba bado nina mahali.

Nilimwomba Sammy anitafutie redio ndogo, ile inayotumia intaneti, yenye waya wa masikioni. Ilikuwa inahitaji neno la siri la ruta, nami sikulijua. Aliyeniwekea neno hilo ni Fridah. Alicheka. Akasema, "Mjomba, mwalimu mzima unaficha redio kama mwanafunzi wa bweni?" Nikamwambia aniahidi hatamwambia mtu, hata Gibson, hata wewe. Akasema, "Nimekupa neno langu, mjomba." Hilo ndilo neno alilompa mtu.

Kila siku wenzetu wakishaondoka niliwasha redio, yeye akipika, na wakati mwingine alikuja akaweka upande mmoja wa waya sikioni mwake. Tukisikia jina la mtu tunayemjua tulikaa kimya pamoja.

Kisha intaneti ikawa nzito. Ijumaa moja Gibson akafungua ule ukurasa, akaona kitu kisichojulikana, na ukurasa ulionyesha kwamba huunganishwa saa za kazi, siku za kazi. Yeye na Carolyne walihesabu vitu vyao vyote, wakabaki na kimoja. Simu ya Fridah ilikuwapo kwa jina lake, kwa hiyo hiki ni cha mtu mwingine. Wakamkumbuka Shakir, mlinzi wa jengo, kijana Mganda aliyekuwa akimsaidia kupandisha maji ya kunywa. Mimi hakuna aliyenifikiria. Mzee hana kifaa.

Walimwita sebuleni. Mimi nilikuwa kwenye kiti hikihiki. Carolyne alisema, "Fridah, simu hii ni ya nani?" Akasema, "Si simu, wifi." "Basi ni nini?" Akanigeukia. Mara moja tu, Rispah, wala si kwa kunishtaki. Alikuwa ananipa nafasi. Nikatazama viatu vyangu.

Gibson akabadilisha neno la siri pale pale. Redio yangu, niliyokuwa nimesahau kuizima chini ya mto, ikakatika, na ile namba ikatoweka kwenye orodha. Carolyne akasema, "Unaona?" Kutoweka kwake ndiko kulikokuwa ushahidi. Kumbe nilichopaswa kufanya ni kutoa mkono chini ya mto.

Wiki hiyohiyo akasafirishwa. Shakir naye alihamishwa, sijui alipo, na deni lake nitakwenda nalo. Asubuhi ya kuondoka Fridah alikuja kunitengenezea dawa zangu, akanionyesha ni ipi ya asubuhi na ipi ya jioni. Nikadhani atasema neno. Akasema, "Mjomba, usisahau kunywa maji."

Nimejiuliza kwa nini sikusema kesho yake, au mwezi uliofuata. Kila siku niliyonyamaza iliifanya siku ya kusema kuwa ngumu zaidi, na mwisho nikawa nalinda unyamavu wenyewe, si redio. Na nikajidanganya kwamba nyumbani mtamsamehe. Uliponiandikia majina yaliyosomwa nikajua.

Chini ya redio palikuwa na kikaratasi cha kiwandani chenye namba ya kifaa. Nimekibandua kwa wembe, nimekigundisha hapo chini ya sahihi yangu. Kichukue kwa mchungaji. Kama bado ana ile picha, alinganishe herufi kwa herufi. Kama tungekuwa na kawaida ya kukipa jina kila kitu kinachoingia kwenye ile orodha, nisingepata mahali pa kujificha, na yeye asingepata mahali pa kushtakiwa. Mahali palipoachwa bila jina, kila mtu alijaza kile anachokiogopa. Lakini silisemi hili ili ruta ibebe kosa. Mimi nilikuwa na jina la kifaa kile mdomoni mwangu.

Siombi unisamehe katika barua. Naomba umwendee.

Naftali

*

Dubai
14 Oktoba 2016

Dada yangu Rispah,

Haya nayasema kwa mdomo, anayeandika ni Carolyne. Mkono wangu hauwezi kalamu tena. Hujanijibu, na sikulaumu. Kiangazi kimepungua. Watoto wamefungua shule. Nalala nimekaa, maana nikilala chali nazama.

Nilikuwa nimekuambia wewe, lakini wa humu ndani sikuwaambia. Hata hilo lilikuwa woga. Niliogopa kuiwasha redio, kwa sababu nilijua ile namba itarudi kwenye orodha. Ijumaa iliyopita nikamwomba Carolyne neno jipya la siri.

Akasema, "Baba, la nini? Wewe una kifaa gani?"

Nikasema, "Niletee tu, Caro."

Nikaitoa chini ya godoro. Vidole havikutii, akaniandikia yeye. Hakuuliza. Nadhani alifikiri ni ya Sammy. Mchana mjukuu akalalamika katuni zinakwama, Gibson akafungua ukurasa wake. Nikamsikia sebuleni.

"Caro. Kile kitu kimerudi."

"Kitu gani?"

"Ile namba. Ninayo kwenye picha, tazama. Ni ileile."

"Fridah yuko Kenya."

"Najua Fridah yuko Kenya."

Nikaita, "Gibson, ni hiki hapa." Akaja mlangoni akasema, "Baba, lala, presha itapanda." Nikamwonyesha redio. Akasema, "Izime." Nikaizima, akatazama simu yake. Akasema, "Iwashe." Nikaiwasha. Tukafanya hivyo mara nyingine, kwa kuwa hakutaka kuamini. Mwisho akasema, "Ulikuwa umekaa pale. Nikamfutia mtoto wa shangazi viza na wewe umekaa pale." Nikasema ndiyo. Akatoka nje kibarazani akasimama juani, hakurudi ndani mpaka jua lilipoondoka upande ule.

Carolyne alikaa kitandani kwangu na simu yake. Akaniuliza, "Kiitwe nani?" Nikasema kiitwe jina lake. Akaandika: Redio ya Baba. Kisha akapita orodha yote, kimoja kimoja, akikipa kila kitu jina la mwenyewe, mpaka kishikwambi cha watoto.

Ninalo ombi moja. Likisomwa tangazo langu, Fridah atajwe miongoni mwa wapwa zangu, tena wa kwanza. Kama mwenyewe hataki jina lake liwe karibu na langu, liacheni.

Naftali

(Shangazi, nimeandika alivyosema. Mimi ndiye niliyesema "Unaona?" siku ile. Sijui niandike nini zaidi. Carolyne)

*

Nyansiongo
20 Novemba 2016

Kaka Naftali,

Nimepata barua zote mbili. Ile ya Agosti niliisoma, nikaifungia kabatini na sikuifungua tena mpaka hii ya pili ilipofika. Nilikuwa na hasira ambayo nilikuwa sijawahi kuwa nayo kwa mtu wa tumbo moja nami. Bado ninayo. Nakuambia ili usije ukadhani imekwisha kwa kuwa naandika kwa upole.

Nilikwenda kwa mchungaji na kile kikaratasi. Picha anayo. Aliweka miwani, akasoma herufi moja kutoka kwenye simu, mimi nikisoma moja kutoka kwenye barua yako, mpaka mwisho. Akavua miwani. Akasema, "Mama Josphat, tulimhukumu mtoto kwa kitu tusichokijua hata ni nini." Sabato iliyofuata alisimama akalisema mbele ya kanisa lote, na jina likarudishwa.

Kisha nikaenda Kericho. Nilimkuta amerudi kutoka shambani, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Amekonda. Nilimpa barua yako asome mwenyewe. Aliisoma amesimama. Akauliza jambo moja, "Anakunywa maji?" Nikasema sijui. Akaingia ndani akafunga mlango, akakaa muda mrefu, nami nikakaa nje kwenye jiwe. Ilikuwa haki yangu kukaa nje.

Alipotoka alisema hatarudi kuishi nyumbani. Alisema baba yake amekufa akiamini, na hilo hakuna karatasi inayoweza kulibandua. Hajasema amekusamehe. Mimi pia sijasema. Lakini alikuja Nyansiongo kwa siku mbili, aliingia ndani ya ua, akasimama kaburini.

Sasa sikiliza. Familia inatoa tangazo la shukrani kwa wote waliosimama nasi tulipomzika Zablon. Limechelewa, watu wataelewa. Fridah ameliandika kwa mkono wake. Litasomwa Ijumaa ya tarehe mbili Desemba, asubuhi, kwenye redio ya kwetu. Watasoma majina ya watoto upya. Washa redio yako usikilize.

Lako nalo litakuwa kama ulivyoomba. Nilimwuliza. Akasema, "Mniandike."

Sammy ndiye anayekuja na barua hii. Namwomba Mungu ikuwahi.

Dada yako,
Rispah

*

Dubai
9 Desemba 2016

Shangazi,

Simu Gibson alikwisha kupiga, kwa hiyo msiba unaujua. Nakuandikia tukingoja karatasi za kumsafirisha Baba, na barua hii nitakupa mwenyewe mkononi, kwa sababu nikikuona najua sitaweza kusema.

Barua yako ilifika jana. Safari ya Sammy iliahirishwa, akatua Baba akiwa tayari chumba cha maiti. Niliifungua mimi. Naomba radhi kwa hilo.

Nataka ujue jambo ambalo Gibson hakukuambia, kwa kuwa alikuwa kazini. Ijumaa ile ilikuwa sikukuu ya taifa hapa, ndege zinapita na moshi wa rangi, na mimi nilikuwa nyumbani. Baba hakujua lolote kuhusu tangazo. Lakini tangu tuipe redio jina, aliiwasha kila asubuhi bila kujificha, bila waya wa masikioni, na tulikuwa tumezoea kuisikia tukiwa jikoni. Mimi ni Mkamba, Kigusii sikijui. Kwangu yale matangazo ni sauti ya mtu anayesoma pole pole, basi.

Nilikuwa nampangusa miguu. Mtangazaji alikuwa anasoma, na nikasikia Zablon, nikasikia Rispah, kisha Josphat, kisha Monicah. Halafu nikasikia Fridah.

Baba akanishika mkono. Akauliza, "Umesikia?"

Nikasema, "Nimesikia, Baba."

Akasema, "Kabla ya Enock. Ndipo mahali pake." Akaomba maji, akanywa glasi nzima. Jumapili alfajiri alikuwa ametutoka.

Gibson hataki mtu aguse chumba. Leo asubuhi nilifungua ukurasa wa ruta nitafute kwa nini intaneti ni nzito. Kila kitu kiko na jina lake. Redio ya Baba bado imeunganishwa. Hakuna aliyeizima.

Carolyne